Zege Haliivi

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanakuheshimu kuliko mimi, maana tangu mwaka uanze sijakuandikia hata mstari. Sisi huku ni wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Tumbo limekua mpaka akikaa anaweka kikombe juu yake, na daktari amesema tumtarajie mgeni mwanzoni mwa mwezi wa tano. Tatizo lake ni usingizi tu. Analalamika joto la sakafuni linampanda miguuni, basi anashinda anamwaga maji na kupiga deki. Mimi nimepandishwa cheo: sasa mimi ndiye msimamizi wa oveni zote za kiwanda, na hata wale walionifundisha kukanda unga wananiita bosi, kwa kejeli kidogo.

Sasa, kabla hujasikia kwa mwingine: mwezi uliopita tulipata moto kiwandani. Usishtuke. Bomba la mafuta la oveni ya pili lilipasuka, mafuta yakamwagika yakiwaka, sote tukatoka mbio. Hakuna aliyeumia, ila mkandaji wetu mmoja wa unga aliungua nyusi, na tangu siku hiyo anaonekana mtu aliyeshangazwa na kila anachoambiwa. Moto uliilamba dari mchana kutwa kabla ya zimamoto kuushinda.

Dari haikuanguka, Shangazi. Haikudondosha hata kipande cha maana. Mwenye kiwanda anasema ni kwa sababu ilimwagwa zege lenye nyuzi za chuma ndani. Tumeshawasha oveni tena. Lakini wafanyakazi wanaingia shingo upande, mikono iko kwenye unga na macho yako juu. Yule asiye na nyusi amegoma kabisa kuingia.

Nikakukumbuka wewe, ambaye kazi yako maabara ni kupika mazege. Niandikie maneno mawili matatu kwamba zege la namna hii linastahimili moto, niwasomee watulie. Ningekupigia simu, ila mwenyewe ulishasema kwenye simu nina ulimi wa asali na kwenye karatasi ndipo unaponikamata.

Mwanao,
Chachu

19 Februari

Chachu mwanangu,

Marahaba. Barua yako imezeekea njiani lakini imefika. Mimi sijambo. Paa la jikoni linavuja pale pale, fundi anaahidi pale pale. Mpe mkwe wangu pole, mwambie ale hata kama hataki. Na hongera kwa cheo. Waliokubandika jina la Chachu walikujua: ukiguswa na joto kidogo tu unaumuka.

Umeniomba maneno mawili matatu. Nitakupa mengi, na yasome yote.

Zege lina maji ndani yake, hata lingekuwa na umri wako. Moto ukilifikia, maji yale yanakuwa mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea unalipasua zege kwa kishindo, na kipande kinaruka kumtafuta mtu. Kwa hiyo siku hizi wajenzi wa sehemu zenye hatari ya moto wanachanganya nyuzi za plastiki, nyembamba kama nywele. Zinayeyuka mapema, zinaacha vijia, mvuke unapita taratibu. Hiyo ni kazi ya plastiki.

Nyuzi za chuma zina kazi nyingine. Zinalishika zege lisiachane. Likipata ufa, zinaushona. Nimezifanyia kazi miaka mingi na ninazisifu: nimeona kipande kilichoungua ambacho bila nyuzi hizo kingenimwagikia mikononi.

Lakini kushika si kuponya. Moto ukizidi, zege linaoza ndani huku nyuzi zimelikumbatia. Sura inabaki, nguvu imekwenda. Zege la kawaida lingekutisha kwa kuanguka vipande vipande, ukakimbia. Hili linakunyamazia. Kwa hiyo ukiniambia dari haikudondosha kitu, hujaniambia habari njema bado.

Niambie: dari ina rangi gani pale juu ya oveni ya pili? Ukiigonga inalia namna gani? Nitumie vipande viwili, kimoja cha pale palipoungua, kingine cha upande wa stoo ambako moto haukufika. Viwe vidogo, usije ukachimba ukanishushia jengo.

Na jambo jingine. Mke wako anapandwa na joto la sakafuni. Sakafu ya wapi? Nyumba yenu ninayoijua mimi ni ya chini, na sakafu yake ni baridi mpaka mifupa. Mnaishi wapi siku hizi?

Shangazi yako

5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata, na nakushukuru sana, imetusaidia mno. Mke wangu anakula sasa, tena mpaka mgao wangu. Mvua zimeanza, na unga unanyonya unyevu, mikate inatoka imenuna.

Vipande viwili nimevifunga kwenye kitambaa na kuvituma kwa gari la mizigo. Chenye uzi mwekundu ni cha palipoungua.

Rangi siwezi kukuambia, kwa sababu tuliipaka chokaa. Usigombe, nikueleze. Unajua oveni zetu ni za tofali. Ikichafuka moshi, tunaimwagia maji ingali na joto, tunasugua kwa brashi ya waya, tunapaka chokaa, inakuwa mpya. Basi asubuhi baada ya moto tukaifanyia dari vivyo hivyo. Ilikuwa bado ya moto, maji yalilia juu yake kama kwenye kikaango, na mvuke ukatujaa mpaka hatukuonana. Lakini imetoka safi, inang'aa. Mwenye kiwanda alisimama akiiangalia, akasema sasa dari imeiva. Nasi waokaji tulimwelewa. Tofali letu kila likipata moto linakomaa, kuna yaliyomo oveni ya kwanza tangu kabla sijazaliwa, na ukiyagonga yanalia kama kengele. Kwa nini zege liwe tofauti?

Hilo la joto la miguu usilichukulie uzito. Ni joto la mimba, wanawake wanasema ndivyo ilivyo.

Mwanao,
Chachu

30 Machi

Chachu,

Sisi wazima. Barua imechelewa, na mwandiko usiuulize.

Nilikipasua kipande chako chenye uzi mwekundu. Chini ya chokaa ni cha waridi, rangi ya ufizi, na waridi hiyo haikuishia juu, imezama ndani kupita unene wa kidole gumba. Zege halipati rangi hiyo kwa kuota jua. Pembeni nilikimega kwa vidole kama mkate uliokauka, na nyuzi zako za chuma zikabaki zimesimama zikiwa zimeshikilia makombo.

Kile kizima nilikipasha moto ili nilinganishe. Hakina hata uzi mmoja wa plastiki. Kimelipuka ndani ya tanuri. Mlango umebadilishwa.

Nimemwonyesha mhandisi wetu. Ni mtu makini, hasemi neno ambalo hawezi kulisimamia. Amesema kwa vipande viwili hawezi kuihukumu dari nzima, lazima watu waje kuitoboa sehemu nyingi na kuipima. Nikamuuliza, na mpaka watakapokuja? Akasema, mpaka watakapokuja asikae mtu chini yake wala juu yake. Kisha akarudia: wala juu yake.

Na ile ya kuimwagia maji ingali ya moto, Chachu, nilipoisoma nilikaa chini. Zege la moto likimwagiwa maji ghafla linapasuka nyufa usizoziona kwa macho. Halafu likishapoa haliishii hapo, linaendelea kunywa unyevu na kumomonyoka kwa ndani kwa wiki kadhaa. Na nyinyi mnatoa mvuke chini yake kila siku.

Zege haliivi. Tofali ni udongo, moto ndio uliolizaa, ukilirudishia moto limerudi kwa mama yake. Zege limezaliwa na maji. Yale maji ndiyo yaliyolishikamanisha, na moto unalinyang'anya hayo hayo. Nguvu ikishatoka hairudi, hata ulipake chokaa mara ngapi.

Umeniambia joto la mimba. Mimi sikujaliwa kuzaa, lakini mimba za watu nimezitunza nyingi, na sijaona hata moja inayopasha sakafu moto. Mnalala juu ya oveni? Nijibu ndiyo au hapana.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, mke wangu ni mzito tu. Mwandiko wako unanitia hofu kuliko dari. Umefanyaje?

Ndiyo. Tulihamia juu nilipopewa usimamizi. Chumba kinakwenda na cheo, kina dirisha kubwa na maji ya bomba ndani, mke wangu alipokiona alicheka peke yake. Kiko juu ya oveni ya pili. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakavyosema.

Nimezungumza na mwenye kiwanda. Anasema ataita wataalamu, ila kwanza tumalize mikate ya shule zinazofunguliwa. Na mhandisi wenu mwenyewe si amesema hawezi kuihukumu? Basi tusiihukumu na sisi. Wafanyakazi wametulia, kazi inakwenda vizuri, hata asiye na nyusi amerudi. Oveni ya pili nimeipunguza moto. Kitanda nimekisogeza upande wa ukuta.

Unataka nimhamishie wapi mtu aliyebakiza wiki chache ajifungue? Na nikihama mimi msimamizi, ni nani atakayebaki chini? Kiwanda kitafungwa siku hiyo hiyo, na familia za watu zitaniangalia mimi.

Usimwambie mtu kwa sasa. Nipe muda.

Chachu

18 Aprili

Chachu,

Leo sina salamu.

Mke wako amenipigia simu. Hata shikamoo aliisahau. Ameniuliza, Shangazi, ni kweli umeandika kwamba dari yetu ni nzima? Nikamwambia sijaandika neno kama hilo maishani mwangu. Nikamwambia atoke humo, akasema hatoki bila wewe. Ndipo akaniambia ulivyosimama juu ya gunia la unga mwezi wa tatu ukawasomea wenzako barua yangu. Ulisoma nyuzi za chuma zinavyoshona nyufa. Ulisoma kwamba ninazisifu. Ukaikunja barua hapo hapo, ukaitia mfukoni, wakakupigia makofi. Na yule asiye na nyusi, aliyekuwa amegoma, alivaa aproni yake siku ile ile kwa maneno yangu mimi.

Umenitumia, mwanangu. Umenifanya niwaite watu chini ya kitu ambacho mimi mwenyewe nisingepita chini yake hata nikikimbia.

Umeniuliza kuhusu mwandiko. Sikutaka ujue, lakini naona tumefichana vya kutosha. Kipande chako kizima kilipaswa kukaushwa siku kadhaa kabla ya kuingia tanurini. Ndiyo sheria yetu, na mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Sikukikausha. Nilikuwa na hofu, nilitaka jibu upesi nikuandikie. Kililipuka wakati nimeufungua mlango kidogo kukitazama. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, na daktari hajaniahidi. Mhandisi alinigombeza huku ananifunga bendeji.

Kile kilikuwa kipande cha ukubwa wa ndimu. Wewe una dari nzima, na mkeo analala juu yake.

Mtoe leo. Msikusanye vyombo, mtoeni yeye na nguo za mtoto. Kisha simama pale pale uliposimama usome barua yangu yote, na hii pia, mpaka kwenye jina langu.

Shangazi

7 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na kwanza: una mjukuu. Msichana, tarehe mbili, mzima, ana sauti ya kuuza sokoni. Mama yake mzima pia. Tuko sebuleni kwa dada ya mke wangu, yeye na mumewe wanalala chumbani na sisi tunalala kati ya makochi, lakini chini ya mgongo wangu kuna ardhi.

Barua yako iliponifikia nilimtoa jioni hiyo. Hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshafunga nguo za mtoto kwenye mfuko siku nyingi, ameuweka nyuma ya mlango.

Asubuhi, zamu mbili zilipokutana, nilisoma. Yote. Nilipofika penye vidole vyako niliishusha karatasi, asiye na nyusi akaichukua akamalizia yeye. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilikuwa najua. Hakunitukana. Alipanda juu ya toroli la mikate na nyundo, akaanza kuigonga dari kutokea stoo, nasi tunamfuata chini kwa macho. Kule stoo ililia, ngo, ngo. Akasogea, akasogea. Juu ya oveni ya pili ikasema pu, kama gunia la unga. Akagonga tena kidogo tu, chokaa ikabanduka, na hapo tukaiona ile waridi yako. Hakuna aliyesema tuondoke. Watu walivua aproni, wakazitundika kwenye misumari yao kama kawaida, wakatoka.

Mwenye kiwanda ameniita mchochezi mbele ya watu na amenifukuza. Watu wa majengo wa mji walikuja wakaweka nguzo za chuma za muda, wakafunga mlango. Wamesema watakuja kutoboa na kupima. Mpaka leo hawajaja.

Sasa nikuambie kinachonila. Haijaanguka. Kila siku napita pale, na imesimama. Tulio nje hatuna kazi, na wengi wana watoto. Jana mmoja aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Chachu, mbona haijaanguka?" na wenzake wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha utani. Hata mke wangu usiku wa kuamkia leo aliniuliza kama tulikuwa na hakika.

Nikarudi pale peke yangu. Shangazi, nilisimama barabarani nikaiombea ianguke. Ianguke kwa kishindo mji mzima usikie, wajue sikuwaharibia maisha bure. Kisha nikajiogopa, nikaondoka haraka. Mimi ni mtu gani wa kuomba kitu kama hicho? Niambie tu kama ingeanguka. Wewe unajua.

Mwanao,
Chachu

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na mara nyingi zaidi kwa huyo binti. Nimewatangazia wote maabara, na mhandisi ameuliza uzito wake kama anayepokea saruji.

Sijui kama ingeanguka.

Nimekaa na swali lako siku mbili. Labda ingeanguka wiki ile. Labda ingekaa hivyo hivyo imeoza mpaka binti yako aolewe. Labda wenzako wamekosa kazi kwa kitu ambacho kisingetokea kamwe, na mimi ndiye niliyekuambia uwatoe. Hilo linaniamsha mimi pia. Wakija kupima watakupa tarakimu, lakini hata tarakimu haitakuambia siku.

Wanaopika mazege kama mimi tunapenda kitu kivunjike, ndipo tunaandika matokeo. Hiki nakuomba usitake kukiona kikivunjika. Acha kusimama pale barabarani. Na watu hao hawana kosa kukuchukia, wana njaa. Wavumilie.

Ila yule akikuita tena kutoka ng'ambo, usibishane naye. Mtazame. Yuko nje, amesimama kwa miguu yake, na ana pumzi ya kukucheka.

Shangazi yako